Nina miaka 28, nina mtoto, na kila skolashipu ninayoomba nakataliwa. Je, Kiswahili changu kina mlango wowote nje?

Shikamoo dada,

Natumaini u mzima. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimejikaza tu maana kichwa kimejaa na sina mtu wa karibu anayeyajua haya mambo, wenzangu kazini nikiwaambia nataka kwenda nje kusoma au kufundisha wananiambia tafuta kwanza mjomba mwenye koneksheni.

Mimi ni mwalimu, nina digrii ya ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Kiingereza na nilimaliza na apa sekendi. Nafundisha sekondari ya binafsi kwa mkataba, huu mwaka wa nne. Nina miaka 28. Nina mtoto wa kike wa miaka mitatu, baba yake tulishaachana, namlea mimi na mama yangu mzazi.

Dada nimeomba sana. Niko kwenye magrupu ya wasapu ya skolashipu, kila asubuhi unakuta linki mpya, "ufadhili asilimia mia, mwisho kesho", basi nakesha. Simu imejaa skrini shoti. Kuna moja inaitwa FLAS, ya lugha za Afrika, nikasema hii ndiyo yangu kabisa, nikaandika insha nzima na kuomba transkripti chuoni, nafika mbele wanauliza kama ni raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu. Nikaishia hapo. Nyingine ilikuwa Fulbright, ya kwenda nchi za watu kufundisha Kiingereza, nayo vilevile, kumbe ni ya Wamarekani. Baada ya hapo nikaanza kuomba chochote kinacholipiwa, masta ya afya ya jamii, masta ya mabadiliko ya tabianchi, barua yangu ni ileile nabadilisha jina la chuo na kozi. Majibu ni "tunasikitika kukujulisha", au kimya tu.

Sasa wiki iliyopita nimeunganishwa na ajenti. Anasema ananipatia kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini, shule za serikali, nyumba bure na mshahara mzuri. Anataka dola 400 za prosesi na nimwachie pasipoti nikishaipata, kwa sababu sijakata bado. Nina hela hiyo nimeiweka kidogokidogo, ilikuwa ya mtihani wa Kiingereza.

Maswali yangu, huyu ajenti ni wa kweli? Niachane na Kiswahili nisome kitu chenye soko? Maana rafiki yangu aliniambia wazi kwamba Kiswahili hakinivushi popote. Na je nikipata kweli, mtoto nimfanyeje? Mama anasema niende, yeye atamlea, lakini nikimwangalia mwanangu usiku naona kama nafanya dhambi hata kuomba. Nisaidie dada, nikijumlisha na umri nahisi muda unaniacha.

Mwalimu, mama wa mmoja

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa usiku wote huo uliokesha.

Naanza na hela yako kabla hujaitoa. Usimpe huyo ajenti hata senti. Serikali ya Korea Kusini ina programu ya kupeleka walimu wa Kiingereza kwenye shule zake za umma, inaitwa EPIK, na inachukua raia wa nchi saba tu ambazo ni Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Hapo haijalishi Kiingereza chako ni kizuri kiasi gani wala ajenti anamjua nani, pasipoti yako haimo kwenye orodha, basi. Mtu anayekuahidi shule za serikali Korea kwa pasipoti ya Afrika Mashariki ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana. Na pasipoti haishikwi na ajenti, iwe kwa wiki moja au kwa siku moja. Anayetaka kuishika anataka kukushika wewe. Kama umeshamtumia kopi ya kitambulisho, kata mawasiliano, mbloku, na mwambie aliyekuunganisha naye ili asimpeleke mwingine.

Nikupe na kipimo cha siku nyingine. Programu za ufadhili zenye jina, Fulbright, Chevening, Commonwealth, DAAD, hazitozi ada ya kuomba. Vinavyolipiwa kihalali ni vichache: mtihani wa lugha kama TOEFL au IELTS, transkripti za chuo chako, na ada ya maombi ya vyuo vyenyewe, hasa vya Marekani, na hiyo unalipa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Tena hiyo ya chuo unaweza kuandika barua pepe kuomba usamehewe kabla hujalipa, vyuo vingi vina utaratibu huo na watu wengi hawajui kuuliza.

Haya, sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi kwenye barua yako, na ni kule kusema Kiswahili hakikuvushi. Mdogo wangu, wewe unaanza na swali "inalipia kila kitu?" halafu ndiyo unatafuta namna ya kujipenyeza, ndiyo maana unajikuta unaandikia jopo la afya ya jamii barua ya mwalimu wa lugha. Swali la kwanza ni hii hela iliwekwa kwa ajili ya nani. Kila ufadhili una mtu aliyekusudiwa, na mwenye hela anamwandika waziwazi kwenye sehemu ya vigezo, ambayo kwenye magrupu huwa inakatwa ili tangazo liwe fupi na linki ibonyezwe. Soma uraia, soma umri, soma digrii na uzoefu, soma masharti ya kurudi nyumbani, hapohapo kabla ya kufungua hata ukurasa wa insha. Dakika kumi tu. Zingekuokolea wiki zile za FLAS.

Na hiyo FLAS hebu itazame upande wa pili. Ni hela ya serikali ya Marekani iliyowekwa kuwalipia Wamarekani wakae darasani wajifunze lugha ambazo kwao zinafundishwa kwa uchache, na Kiswahili kimo. Sasa wale wanafunzi wanakaa mbele ya nani? Vyuo kama Wisconsin-Madison, Indiana, Ohio, Harvard, Yale na Stanford vimefundisha Kiswahili miaka na miaka, na wanafunzi wa huko wanahitaji mtu wa kuzungumza nao, wa kuwasahihisha, wa kuwasimamia. Wewe ulikuwa unagonga mlango wa mwanafunzi wakati mlango wa mwalimu uko hapo pembeni.

Jina la huo mlango ni Fulbright FLTA, yaani programu ya walimu wasaidizi wa lugha za kigeni. Naona Fulbright imekuchanganya na si wewe tu, maana jina ni moja lakini ndani kuna programu nyingi zisizofanana. Ilianzishwa mwaka 1946 kwa sheria ya seneta J. William Fulbright na tangu mwanzo ni ya kwenda na kurudi, Wamarekani wanatoka na wageni wanaingia. Ile uliyojaza ni ya Wamarekani wanaotoka. Ya wageni wanaokwenda kusoma masta au PhD ni nyingine, na FLTA ni nyingine tena, hii inawapeleka walimu vijana kufundisha lugha yao kwenye vyuo vya Marekani. Walimu wa Kiswahili kutoka Kenya na Tanzania wamekwenda kwa njia hii miaka mingi.

Soma vigezo vyake ujione. Umri 21 mpaka 29 wakati wa kuomba. Digrii ya kwanza. Uwe mwalimu wa Kiingereza, au unasomea ualimu huo, au fani inayokaribiana, na lugha yako iwe mojawapo ya zile wanazozitafuta, hapo ndipo masomo yako mawili, Kiswahili na Kiingereza, yanakaa kwako kama kiatu kilichopimwa mguuni. TOEFL ya mtandaoni kama 80 hivi au IELTS kuanzia 6. Uwe unaishi nchini kwako wakati wa mchujo. Ukipata unakaa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, unafundisha au unasaidia kufundisha mpaka saa 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila muhula, moja ikihusu Marekani au ufundishaji. Nauli, bima ya afya na posho ya kujikimu vimo. Haikupi digrii, hilo lielewe mapema ili usije ukahisi umedanganywa, unarudi na uzoefu, kozi ulizosoma, na watu wanaokujua kwa jina.

Kuna sharti moja lazima nikwambie wazi kwa sababu wengi wanaligundua wakiwa huko tayari. Viza yake ni J-1 na inakuja na sharti la kurudi nyumbani kukaa miaka miwili kabla hujaruhusiwa viza za kazi za Marekani kama H-1B au ukaazi wa kudumu. Kama ndani ya moyo wako mpango ni kwenda na kubaki huko moja kwa moja, hii siyo njia yako. Ila halikuzuii kuomba baadaye viza ya mwanafunzi ukarudi kwa masta au PhD. Mambo ya viza za Marekani kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilikabadilika, na bajeti za vitengo vya lugha huko nazo zimekuwa zikiminywa, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu kwenye tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini kwako, usitegemee la mwaka jana wala lililopigwa picha kwenye grupu. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa mapema mwaka mmoja ili watu waondoke katikati ya mwaka unaofuata, na kila nchi ina tarehe zake. Wewe una 28, kwa hiyo una nafasi, lakini siyo ya kuahirisha.

Na hela ya mtihani iache palepale ilipo mpaka usome tangazo. Mara nyingine waliopita mchujo wa kwanza hulipiwa mtihani, na matokeo ya TOEFL na IELTS yanaisha baada ya miaka miwili, ukifanya mapema kwa haraka unaweza kujikuta unalipia tena.

Sasa insha, hapa nataka tukae kidogo maana ndipo watu wazuri wanapotupwa nje.

Kwenye FLTA hujichagulii chuo. Faili lako likishapita kwenye nchi yako linasambazwa kwa vyuo vinavyohitaji mwalimu wa Kiswahili, na anayelisoma huko aghalabu ni mratibu wa lugha, mtu ambaye Septemba atakuwa na darasa la wanafunzi wachache hivi waliokuja kwa sababu mbalimbali, mmoja bibi yake alizaliwa Mombasa, mwingine anataka kufanya utafiti wa malaria, mwingine anatimiza tu sharti la chuo la kusoma lugha. Huyo mratibu anajiuliza kitu kimoja anaposoma, huyu mtu nikimwachia darasa langu Jumatatu asubuhi atafanya nini? Barua yako ya sasa haimjibu. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo na naweza kuikisia bila kuiona: tangu nikiwa mdogo napenda elimu, elimu ni ufunguo wa maisha, ninaamini chuo chenu tukufu kitanisaidia kufikia ndoto zangu. Hakuna mwalimu humo ndani. Ukifuta jina lako ukaweka la mwenzako haibadiliki chochote.

Andika darasa. Una miaka minne mbele ya wanafunzi, chagua kitu kimoja kilichokuwa kigumu kwao na uandike ulichofanya, kilichogoma, ulichobadilisha, na ulijuaje kwamba wameelewa. Kimoja tu kwa undani kinatosha, afadhali hicho kuliko kuorodhesha mbinu shirikishi kumi za kwenye mtaala.

Halafu uonyeshe kwamba unajua kumfundisha mtu asiyekijua kabisa Kiswahili ni kazi tofauti na kumfundisha kidato cha pili aliyekizungumza tangu utotoni. Watu wengi wanaishia kuandika "mimi ni mzawa wa lugha" wakidhani imetosha. Jaribu hili: mwanafunzi mgeni ameshajifunza kwamba mtu ni wa ngeli ya kwanza, anasema mwalimu wangu, mtoto wangu, safi kabisa. Kesho yake anakusikia unasema rafiki yangu. Anakuuliza kwa nini siyo rafiki wangu, na kama ni yangu kwa nini husemi rafiki nzuri, unasema rafiki mzuri? Wewe umesema hivyo maisha yako yote na hujawahi kuulizwa. Utamjibuje kwa Kiingereza chepesi, kwa dakika mbili, bila kumjazia ubao majedwali? Kaa ulifanyie kazi hilo na mengine kama hilo, kwa sababu ya insha na kwa sababu ya intavyu pia, maana kwenye intavyu wanaweza kukwambia tu, tufundishe kitu hapahapa.

Na kama unaweza, kabla dirisha halijafunguliwa tafuta hata mgeni mmoja umfundishe. Mtu aliyekuja kujitolea, jirani mgeni, hata kwa simu ya video mara moja kwa wiki kwa kubadilishana lugha. Andika daftari la kila kipindi, mlifanya nini, alikwama wapi. Miezi michache ya daftari hilo itakupa maneno ambayo huwezi kuyatunga ukiwa umekaa peke yako na kompyuta usiku.

Usinakili insha ya mtu mtandaoni na usiipe programu ya akili unde ikuandikie. Chevening kwa mfano wanakagua insha kama zimefanana na za wengine na ukikutwa umenakili unatolewa. Hata usipokamatwa, insha ya namna hiyo inakuwa laini mno, haina darasa ndani yake, na wewe kitu pekee ulichonacho kuwazidi wengine ni darasa. Andika mwenyewe, kosea, mpe mwalimu mwenzako wa Kiingereza asahihishe sarufi, basi.

Barua za rekomendesheni: omba mapema, angalau mwezi, na waombe watu waliokuona ukifundisha. Mkuu wa idara anayekujua ana thamani kubwa kuliko profesa mwenye jina ambaye itabidi umkumbushe wewe ni nani. Mpe tangazo lenyewe, CV yako, na nusu ukurasa wa mambo uliyoyafanya chini yake, ili asilazimike kuandika "ni mchapakazi na mwadilifu" akaishia hapo. Akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", mshukuru lakini mbembeleze aandike yeye, kaa naye akueleze kwa mdomo na wewe umsaidie kuchapa kama tatizo ni muda. Barua zikiwa na mkono mmoja na insha, msomaji anajua.

Usiweke mayai yote kwenye kapu la FLTA hata hivyo. Nikitazama wasifu wako na mtoto, ningekuonyesha na Commonwealth Scholarships za Uingereza, zipo tangu 1959 kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kwenye masta zao mzazi anayelea peke yake akienda na mtoto hupewa posho ya mtoto, kitu ambacho ni nadra sana kwenye ufadhili na sijui kwa nini hakitangazwi kwenye hayo magrupu. Wana pia za kusoma kwa masafa ukiwa nyumbani kwako, kwa kozi zilizoteuliwa. Chevening nayo inalipia masta ya mwaka mmoja Uingereza, haina kikomo cha umri, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili ambao wanauhesabu kama saa 2,800, wewe umeshapita mbali, na unaahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ila gharama za familia hawalipi. DAAD ya Ujerumani, kwa programu zao nyingi hawataki digrii yako ya mwisho iwe imezidi miaka sita, wewe uko ndani bado kwa hiyo angalia sasa.

Na ipo njia ndefu zaidi, ya masta au PhD kwenye idara za lugha na masomo ya Afrika za vyuo vya Marekani, ambako mwanafunzi anapewa kazi ya ualimu msaidizi, chuo kinamsamehe karo na kumlipa posho ya kila mwezi. Kiswahili chako hapo kinalipia kiti chako darasani. Kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mtoto anaweza kuombewa viza ya tegemezi, ingawa itabidi uthibitishe una uwezo wa kumtunza na posho ya mwanafunzi ni nyembamba. Kabla ya kuomba, mwandikie mratibu wa Kiswahili wa idara husika barua pepe fupi, wewe ni nani, unafundisha nini, unataka kusomea nini, na umuulize kama wanatarajia nafasi ya ualimu msaidizi mwaka huo. Swali hilo moja. Wengine hawatajibu, wengine watajibu siku hiyohiyo. Pia tafuta ofisi ya EducationUSA, ni washauri wa elimu chini ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, wapo nchi nyingi, na ushauri wao wa kawaida ni bure. Huyo ndiyo "ajenti" ninayekuruhusu.

Skolashipu tatu au nne hivi zinazokufaa kweli zinatosha kwa mwaka mmoja. Magrupu yale toka, au yazime sauti, mimi naona yanakula usingizi wako kuliko yanavyokupa.

Sasa mtoto. Nimeiweka mwisho kwa kuwa sikutaka kuigusa harakaharaka.

FLTA hairuhusu kwenda na familia. Hiyo ina maana miezi tisa mbali na mtoto ambaye akiwa na miaka mitatu au minne atabadilika kila mwezi na wewe utayaona kwenye skrini. Utaumia na yeye atakuulizia, kuna siku atakataa kuongea na wewe kwenye simu kwa sababu amekasirika na hana namna nyingine ya kusema. Sitakuficha hilo. Lakini dhambi siyo, na nakuomba uache kujiambia hivyo. Unamwacha na bibi yake ambaye tayari analala naye nyumba moja na anajua anakula nini na anaogopa nini, kwa muda wenye mwanzo na mwisho, kwa kazi itakayokurudisha ukiwa na uwezo mkubwa wa kumlea. Maoni yangu ni kwamba uombe. Kuomba hakukufungi, ukipata ndipo utaamua ukiwa na karatasi mkononi, na ukikataa hakuna wa kukulaumu.

Ila zungumza na mama yako kwa mambo yenyewe, asiishie kwenye "nenda mwanangu". Afya yake ikoje, na akiugua yeye nani anashika? Nani atasaini hospitali au shuleni wewe haupo? Andikeni barua ya ulezi wa muda, ithibitishwe kwa wakili au ofisi inayohusika hapo mlipo. Baba wa mtoto hata kama mliachana ana haki zake kisheria, mjulishe kwa maandishi mapema yasije yakaibuka malumbano ukiwa mbali. Na hela pigieni hesabu ya akiba yako, posho ya FLTA imepimwa kwa mtu mmoja kuishi, usipange kwamba utatuma nyumbani kila mwezi kama mshahara. Kama baada ya mazungumzo hayo utaona haiwezekani mwaka huu, basi Commonwealth iwe ya kwanza kwako, kwenye masta za Uingereza, kwa sababu huko mtoto ana nafasi.

Kazi ya wiki hii: nenda kaanze pasipoti, wewe mwenyewe bila mtu wa kati. Kabla ya kujaza fomu weka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cheti cha digrii mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Walimu wengi wana jina la tatu kwenye cheti kimoja na kingine halipo, au Mwanaidi huku na Mwanahidi kule, na kurekebisha kunachukua muda mrefu kuliko insha yoyote. Ikiwa yamepishana anza na hati ya kiapo sasa hivi. Halafu ukishaandika ile insha ya darasa, nitumie, nitaisoma na kukurudishia na kalamu nyekundu.